Namna ya Kumficha Tembo Ndani ya Ripoti

Tembo dume mzima ana uzito wa tani tano hivi, na bado yawezekana kumficha ndani ya kurasa mia mbili hata mwenye mamlaka juu yake asimwone. Kazi hiyo inataka watu wawili, mtafiti na mhifadhi. Mmoja peke yake haiwezi. Mtafiti akificha na mhifadhi akawa mdadisi, siri hutoka. Mhifadhi akificha na mtafiti akawa mbishi, hutoka vilevile. Sharti washirikiane kutoshirikiana. Katika hilo Afrika Mashariki tuna uzoefu wa zaidi ya nusu karne, na inasikitisha kwamba uzoefu mkubwa kiasi hicho haujaandikiwa mwongozo. Hapa chini tunajaribu kuziba pengo.

Tuanze na wewe, ndugu mtafiti.

Kibali kwanza. Ukiwa Tanzania utapita TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Uhamiaji kama pasipoti yako ni ya nje, ndipo ufike kwa wenye hifadhi. Njiani utaulizwa utafiti wako utamsaidiaje mhifadhi. Andika sentensi moja inayotosha kwa hifadhi yoyote duniani: matokeo yatachangia usimamizi endelevu. Ila usije ukamuuliza mhifadhi mwenyewe ni jambo gani linalomnyima usingizi. Atakutajia gugu karoti linaloenea kandokando ya barabara, au tembo wanaobomoa matangi ya maji kijijini, au moto unaoingia kila kiangazi kutoka upande asioujua. Hayo si mambo ya kupelekwa kwenye jarida kubwa. Wewe umekuja na swali lako kutoka chuoni, limeshafadhiliwa, limeshasifiwa na maprofesa. Swali la mwenyeji lisubiri mfadhili wake.

Kazi yenyewe, tafadhali, ifanye vizuri. Mwongozo huu hauwahusu watafiti wavivu. Mvivu hana cha kuficha. Amka alfajiri, fuata simba, pima majani, okota mavi ya nyati uyatie kwenye mifuko yenye namba. Kaa miaka mitatu. Ajiri kijana wa kijiji cha jirani anayejua kila korongo, anayetambua chui kwa unyayo na mvua kwa harufu, kisha mshukuru mwishoni mwa tasnifu, baada ya wafadhili na baada ya mchumba wako, kwa jina moja tu.

Sasa tufike penye sanaa yenyewe, uandishi. Utaandika kwa Kiingereza, hilo halina mjadala, lakini Kiingereza peke yake hakitoshi kuficha kitu. Maofisa waliosoma Chuo cha Mweka, ambacho kinafundisha wahifadhi wa Afrika tangu 1963, wanakisoma barabara. Ongeza kinga. Jibu analolihitaji mhifadhi, kwa mfano achome nyasi mwezi gani na upande upi, litie kwenye kiambatisho, chini ya jedwali lenye alama za Kigiriki. Katika hitimisho sema kwamba mahusiano ni tata na utafiti zaidi unahitajika. Kisha chapisha kwenye jarida linalouzwa, ili yule askari aliyesimama na bunduki akikulinda dhidi ya nyati, akitaka kusoma ulichoandika juu ya nyati huyohuyo, alipe dola kwa kadi ya benki.

Masharti ya kibali yanakudai nakala ya ripoti kwa ajili ya hifadhi. Usiyavunje. Itume kwa barua pepe ya ofisa uliyemzoea ulipofika, ambaye kwa kawaida ya utumishi atakuwa ameshahamishwa kituo mara moja au mbili. Umetimiza wajibu, na hakuna aliyeipata.

Kalenda nayo ni silaha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Ripoti iliyokamilika kwa maana yetu ni ile inayofika Agosti, fedha zikiwa zimeshagawanywa na mkandarasi yuko njiani.

Kwa ustadi wa kuchelewa, hakuna mfano unaozidi Kihansi. Mto huo unaporomoka kutoka milima ya Udzungwa, na katikati ya miaka ya 1990 Tanzania ilianza kujenga hapo bwawa la umeme la megawati 180. Mwaka 1996, kazi ikiwa imeshaanza, wataalamu waliokuwa wakichunguza mazingira walikuta chini ya maporomoko chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyetaga mayai bali huzaa watoto kamili, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu, eneo la hekta chache, na kwingine kokote duniani hayupo. Elimu ilifika ikiwa sahihi na kamili, ila bwawa lilishaitangulia. Mwaka 2000 maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Ndipo zikaanza mbio: vyura kama mia tano wakapandishwa ndege hadi Bronx, New York, na bondeni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji ili waliobaki wadhani maporomoko bado yapo. Walidhani kwa muda. Mwaka 2003 idadi yao iliporomoka, na kuvu linaloua vyura likakutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Tangu 2012 wazao wa wale waliokimbilia Marekani wamekuwa wakirudishwa nyumbani kwa awamu.

Umeme wa Kihansi naupenda na nautumia, na sitasema bwawa lisingejengwa. Nasema tu kwamba mtu wa kushuka bondeni na tochi angetumwa kabla ya mchoro kusainiwa, posho yake isingefika nauli ya chura mmoja kwenda New York.

Afande mhifadhi, ulidhani tumekusahau? Zamu yako.

Ripoti ikikufikia, kwa bahati mbaya ya namna yoyote, usiikatae. Kuikataa ni kukiri kwamba umeisoma. Ipokee kwa mikono miwili, piga picha na Daktari mkiwa mmeishika pamoja, picha iende kwenye ukurasa wa hifadhi, ripoti iende masijala. Ofisi nyingi za hifadhi zina kabati la vioo ambamo ripoti husimama wima, migongo ikitazama nje, zikipendezesha chumba cha mikutano. Ukihama, muachie mwenzako funguo za gari na za ghala la silaha. Za kabati zitaonekana tu zenyewe.

Siku moja, hata hivyo, utatakiwa kufanya uamuzi mkubwa, na mtu atakumbuka kwamba kuna utafiti. Hapo shika kanuni hii: utafiti unaokubaliana na uamuzi wako huitwa sayansi, usiokubaliana nao huitwa maoni ya wataalamu wa nje. Namna kanuni hiyo inavyofanya kazi ilionekana Usangu, na kisa hicho kinastahili kusimuliwa polepole.

Mto Ruaha Mkuu ndio uhai wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ulizoeleka kutiririka mwaka mzima, mpaka kiangazi cha 1993 ulipokatika. Viboko walibanana kwenye madimbwi, samaki wakaoza, na mwaka uliofuata mto ukakatika tena, na mwingine tena. Ikaulizwa: nani anaunywa mto? Jibu lilikuwa juu, kwenye bonde la Usangu, penye ardhioevu ya Ihefu. Maji hukusanyika humo, na hutoka kwa kupita juu ya mwamba wa Ng'iriama ndipo yaelekee hifadhini. Kina cha Ihefu kikishuka chini ya mwamba huo, hakuna tone linalovuka. Na bondeni humo wamo wafugaji na ng'ombe wao, na yamo mashamba ya mpunga, ya wakulima wadogo na yale makubwa yaliyoanzishwa na serikali kama Mbarali na Kapunga.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuja mradi uliofadhiliwa na Uingereza, ukijulikana kwa kifupi SMUWC, ukakaa bondeni miaka kadhaa ukipima maji mto kwa mto, mfereji kwa mfereji. Uliacha ripoti za kujaza rafu. Kiini chake ni rahisi mno kwa kitu kilichoandikwa kwa wingi kiasi kile: kinachokausha mto hasa ni mifereji ya umwagiliaji inayoendelea kuvuta maji wakati wa kiangazi, mpunga ukiwa umeshavunwa. Ng'ombe ana makosa yake, anakanyaga na anakula, lakini mto mzima hawezi kuumeza. Watafiti wa maji wakaongeza jambo la pili: bwawa la umeme la Mtera, chini zaidi ya mto, hujazwa na mafuriko ya masika, wala halitegemei mchirizi wa kiangazi. Kwa hiyo kukatika kwa mto hapo Ruaha mwezi Oktoba hakuwezi kubebeshwa lawama yote ya giza la Dar es Salaam.

Mwaka 2006 ukaja na ukame na mgawo wa umeme, na amri ikatoka: mifugo iondoke Usangu. Tuwe waungwana, tuone mantiki yake. Ng'ombe ana sifa zinazomfanya mtuhumiwa bora kuliko mfereji. Anaonekana kwa mbali, anaweza kuswagwa, na mwenye naye mara nyingi ametoka mkoa mwingine na hana mtu wizarani. Mfereji umelala kimya, una mchele mwishoni mwake, na mchele una wapiga kura wengi, nami pia ni mmoja wa walaji. Malaki ya ng'ombe yakaondolewa kufikia 2007, mengine kupelekwa mpaka Lindi na Pwani, na malalamiko ya wafugaji yakawa mazito hata serikali ikaunda tume ya kuyachunguza. Mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Ruaha, ikawa hifadhi ya zaidi ya kilomita za mraba 20,000, kubwa kuliko zote nchini wakati ule. Mifereji ilibaki ilipo. Mwishoni mwa 2022 mto ulikuwa mkavu tena, na siku za ukavu zilizidi mia.

Usifikiri kwamba aibu hii ni ya wahifadhi na wanasiasa peke yao. Ushindi wa namna hii hauwezi kupatikana bila mchango wa watafiti. Ripoti zile zilikuwa nene, za kitaalamu, za Kiingereza. Mradi ulipofungwa, wengi wa walioziandika walifungasha. Miaka minne baadaye amri ilipokuwa ikiandaliwa, mwenye kujua ukurasa gani unasema nini hakuwamo chumbani, na aliyekuwamo chumbani hakuwa na ukurasa. Hapo tembo alifichika kabisa, pamoja na mto aliokuwa akinywa.

Wakati mwingine tembo mwenyewe ndiye takwimu. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo 109,051. Sensa ya 2014 ikaleta 43,330. Katika Selous na majirani zake, idadi ilishuka kutoka karibu 39,000 mwaka 2009 hadi 13,084 mwaka 2013. Sensa hizo hufanywa kwa ndege na hugharimu fedha nyingi, kwa hiyo hupita miaka kati ya moja na nyingine, na katika miaka hiyo majangili hawasimamishi kazi kusubiri takwimu. Kwa eneo la Ruaha na Rungwa sensa ya 2014 ilileta tembo 8,272, hesabu ambayo wengi hawakuipenda. Ikarudiwa 2015, wakapatikana 15,836. Kurudia hesabu si kosa. Makadirio ya angani yana upana wa makosa, na mwanasayansi yeyote mwaminifu angetaka kuhakikisha. Lakini hata hiyo ya pili ilikuwa chini ya 20,090 ya mwaka 2013, na askari wa doria anayetembea kwa miguu na kukuta mzoga juu ya mzoga hakuhitaji rubani kumwambia mambo yanakwendaje. Tatizo lake ni kwamba hakuna jarida linalopokea makala kutoka kwa koplo.

Hapo tumegusa upande ambao miongozo mingine huusahau. Elimu haifichwi kutoka kwa mtafiti kwenda kwa mhifadhi tu. Lazima pia ifichwe kurudi. Askari wa hifadhi hutembea kila siku, na siku hizi huandika anachokiona kwenye simu janja, zamani kwenye daftari. Anajua tembo jike mwenye pembe moja alizaa lini, dimbwi gani hukauka la mwisho, na kijiji gani huwa na kitoweo kingi sikukuu zikikaribia. Daftari likijaa hufungwa kamba na kurushwa stoo, na mchwa husoma lote, bila kuruka ukurasa. Kisha anakuja mtafiti na kola za satelaiti ili agundue tembo hunywa wapi. Usimwambie kuna stoo. Yeye naye hataulizia, maana maelezo ya askari si data. Yatakuwa data mwanafunzi wa chuo akishayaandika upya kwa jina lake.

Milima ya kusini inalo somo dogo kuhusu hilo. Wawindaji wa Kinyakyusa kwenye mlima Rungwe walikuwa wakimfahamu kima mmoja mwoga wa msituni, wakimwita kipunji. Mwaka 2003 wanasayansi waliofuatilia masimulizi yao wakamwona kwa macho. Mwaka uliofuata timu nyingine ikamwona Udzungwa. Mwaka 2005 ulimwengu ukatangaziwa kwamba ni kima mpya kabisa, na mwaka mmoja baadaye akapewa hata jenasi yake mwenyewe. Mpya, yaani, kwa sisi tusiokula msituni. Katika kisa hiki watafiti walikosea kanuni zetu zote: waliuliza wenyeji, wakawaamini kiasi cha kupanda mlima, tena wakaacha jina la wenyeji lilivyo. Tusiwaige.

Kama njia hizo za kimyakimya zimeshindikana, imebaki njia ya ugomvi. Bwana mkubwa wa ugomvi huu ni Tsavo ya Kenya, miaka ya 1960. David Sheldrick alikuwa mkuu wa Tsavo Mashariki tangu hifadhi ilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1940. Alijenga barabara zake, alipambana na majangili wake, aliwajua tembo wake. Mwaka 1967 akaletewa Dakta Richard Laws, mwanabiolojia Mwingereza aliyekuwa ametoka Uganda, ambako idadi za viboko na tembo zilipunguzwa kwa risasi na yeye akapima meno na ovari. Tsavo ilikuwa na tembo zaidi ya 30,000, na walikuwa wakiugeuza msitu wa miiba kuwa uwanda wa nyasi. Laws akasema wapigwe kama 3,000 ili ijulikane idadi yao inakwendaje na iweze kusimamiwa. Sheldrick akasema hapana, waachiwe wenyewe na mvua, tembo na miti wana mizunguko yao.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Fahali hawa walipigana juu ya nyasi zenyewe. Na angalia walivyofanya vizuri: hakuna aliyeshawishi mwenzake jambo lolote. Hoja ya mtafiti ilikuwa takwimu, hoja ya mkuu wa hifadhi ilikuwa miaka ishirini ya kuishi pale, na kila mmoja aliiona ya mwenzake kuwa si hoja ila tabia mbaya. Mwaka 1968 Laws akaondoka. Mwaka 1970 na 1971 ukame ukaua tembo kama 6,000, wengi wao majike na ndama. Wa upande wa kwanza wakasema tulisema. Wa upande wa pili wakasema tulisema, ndiyo mizunguko hiyo. Kisha wafanyabiashara wa pembe wakaingia bila kuleta ripoti wala kupinga ya mtu, na kufikia 1988 eneo zima la Tsavo lilibaki na tembo kama 6,000. Hadi leo wapo wanaoshindana nani alikuwa sahihi kati ya wale wawili, na ushindani huo unaepusha kabisa swali gumu zaidi, la nani alikuwa akilinda lango.

Serengeti nayo ina toleo lake. Mbwa mwitu waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti walitoweka hifadhini mwaka 1991. Mwenzao mmoja wa sayansi akaandika kwamba huenda watafiti ndio waliowamaliza: kuwapiga dawa ya usingizi na kuwavisha kola kuliwasumbua, kukashusha kinga ya miili yao dhidi ya kichaa cha mbwa. Waliokuwa wakiwavisha kola wakajibu kwamba kichaa cha mbwa kimetoka kwa mbwa wa vijijini. Majarida yakala mjadala huo kwa miaka. Mbwa mwitu wenyewe walikuwa wameendelea kuonekana nje ya hifadhi, upande wa Loliondo, katikati ya watu na mifugo, na ndiko walikotolewa baadhi wakaanza kurudishwa Serengeti kuanzia 2012. Jambo la kwamba mnyama alipona pasipo hifadhi na akafa palipo na ulinzi, kola na maprofesa, halijapata mjadala wenye makelele kama ule.

Onyo sasa. Kuna matukio ambapo wahusika walizembea wakazungumza, na matokeo yake ni ya kutisha kwa anayefuata mwongozo huu.

Kreta ya Ngorongoro ni mojawapo. Mwaka 1974 Wamasai na ng'ombe wao walitolewa chini ya kreta, na moto waliokuwa wakiwasha kusafisha malisho ukakoma pamoja nao. Nyasi zikarefuka, nyati wakaongezeka, kupe wakajaa. Mwaka 2000 na 2001, ukame ukiwa umewadhoofisha wanyama, vifo vikafuatana: nyati, nyumbu, simba, na hata faru weusi, ambao idadi yao wakati huo ilihesabika kwa vidole. Watafiti wakapima kupe, wakaiambia Mamlaka ya Ngorongoro kinachoendelea. Mamlaka ikasikiliza, ikaanza kuchoma nyasi kwa mpango mwaka 2001, na kupe wakapungua. Hivyo tu. Mtu alipima, akamwambia mwenye kiberiti, kiberiti kikawashwa. Usumbufu pekee uliobaki ni kwamba dawa iliyogunduliwa na sayansi ni ileile mzee wa Kimasai aliyokuwa akiitumia kabla ya kuombwa aondoke. Hilo, kwa utamaduni wetu, halikuwekwa kwenye kichwa cha habari.

Serengeti ilizembea mapema zaidi. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ilikuwa ikiua ndama wa nyumbu mwaka hadi mwaka. Ng'ombe wa pembezoni wakachanjwa, ugonjwa ukaisha kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kutoka nyumbu robo milioni hivi mwaka 1961 wakafikia zaidi ya milioni moja na robo mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Tena mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, ulipoua kama theluthi moja ya simba wa Serengeti, madaktari wa mifugo, watafiti na wahifadhi walikubaliana kwenda vijijini kuchanja mbwa. Ikiwa kweli chanjo hiyo iliwakinga simba, bado wanabishana. Watoto wa vijijini walioumwa na mbwa wenye kichaa walipungua, na hilo halina ubishi.

Kama wafadhili watang'ang'ania kwamba lazima mkutane, kubalini kwa furaha na mkutano huo muuite warsha. Ifanyieni mjini, kwenye hoteli yenye viyoyozi, mbali na hifadhi, ili askari na mwanakijiji wasifike kwa bahati mbaya. Mgeni rasmi afungue kwa hotuba ndefu, kisha aondoke na wale wote wanaoweza kuamua kitu, maana wana kikao kingine. Watafiti wapewe dakika kumi na tano kila mmoja na slaidi arobaini. Chai saa nne. Swali la mhifadhi likiwa gumu, liandikwe kwenye bango kitita, na bango lisahaulike hotelini. Azimio la mwisho liwe kuunda jukwaa la kudumu la kubadilishana taarifa, na mwenyekiti wa jukwaa awe yule atakayestaafu Desemba.

Na wewe msomaji ambaye mwongozo huu umekukera badala ya kukusaidia, ukiwa na utafiti wako ulioufanyia kwenye hifadhi ya watu: ofisi za serikali hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Nenda na kurasa mbili kwa Kiswahili, zenye jibu kwenye mstari wa kwanza, uzipeleke kabla bajeti haijafungwa. Ukifika muulizie askari aliyekuwa akikulinda porini, umpe nakala yake.